Shangazi wa kukodi: siku moja ya mkandaji wa wazazi, Dar es Salaam

Saa kumi na moja alfajiri, Manzese

Kabla sijanawa uso naangalia viganja. Leo vimepasuka kwenye mikunjo, maana yake jana nilishika maji ya moto kupita kiasi. Napaka mafuta ya nazi, nasubiri yanywee, ndipo nachukua udhu.

Nakanda wazazi. Kwa msomaji wa bara asiyezoea lugha yetu ya Pwani: mzazi hapa ni mwanamke aliyejifungua juzijuzi, na jina hilo analibeba mpaka atoke arobaini, yaani siku arobaini za kukaa ndani. Namfuata nyumbani, namkanda kwa maji ya moto, namfunga mkaja, kitambaa cha kuzungushia tumbo, namwogesha mtoto, naondoka. Mama yangu aliifanya kazi hii Kisarawe, na malipo yake yalikuwa doti ya kanga na kilo ya sukari siku mzazi anapotoka nje. Mimi nalipwa elfu kumi kila nikienda. Wateja wa leo ni watano.

Mfukoni nina taulo mbili, mkaja wa akiba wa kitambaa cha marekani, mafuta ya nazi na daftari. Dawa sibebi. Anayetaka mizizi ya kusafisha tumbo atafute mtu mwingine.

Saa kumi na mbili na nusu, Magomeni

Nyumba hii unaijua ukiwa bado uchochoroni, kwa harufu ya udi. Mzazi yuko siku ya tisa, mtoto wa kwanza, wa kiume. Kichwa cha mtoto kinang'aa, maana siku ya saba wamefanya akika: mbuzi wawili wamechinjwa, nywele zimenyolewa, zikapimwa na thamani ya uzito wake kwa fedha ikatolewa sadaka. Angekuwa wa kike, mbuzi mmoja angetosha. Adhana alisomewa na babu yake sikioni siku ileile aliyozaliwa.

Mzazi anakaa kwenye kigoda, kanga moja kiunoni. Maji yamechemka kwenye sufuria kubwa, nayachanganya na ya baridi ndani ya beseni. Natumbukiza kiwiko kwanza, kisha taulo. Naikamua, naikunja mara nne, naiweka kiunoni kwa nyuma na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka ninasikia pumzi yake imeshuka. Kisha nyonga, mapaja, mabega. Nikimaliza analala chali, napitisha mkaja chini ya nyonga na kuanza kufunga kutoka chini kupanda juu, nikimwambia avute pumzi kila mzunguko. Nafunga kwa kiasi cha vidole viwili kupita. Mkaja unaobana mpaka mtu hawezi kukaa kula ni adhabu.

"Hayo maji mbona ya uvuguvugu?" bibi wa mtoto anauliza kutoka mlangoni. "Sisi tulikandwa mpaka mvuke unatokea kichwani."

Nyumba nyingi hunikaribisha kwa swali hilo, na jibu langu ni moja. Mwaka 2009 nilimbabua mteja. Nilipima maji kwa kiganja kama mama alivyonifundisha, na kiganja cha mkandaji ni ngozi ya ng'ombe, hakisikii kitu. Paja lilitoka malengelenge. Yule binti hakulia wala hakunilaumu, alidhani ndivyo inavyotakiwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tangu siku ile napima kwa kiwiko.

Bibi ananyamaza, anakwenda kuleta uji wa pilipili manga. Kwenye uji hatujawahi kugombana. Kwa wanja kidogo tu: amempaka mtoto kwenye paji la uso kwa ajili ya kijicho, sina neno. Alipotaka kumpaka ndani ya macho nikamshika mkono.

Saa tatu, Upanga

Nashuka kituo cha Fire, natembea. Ghorofa ya tatu, familia ya Kihindu, Wagujarati wa hapahapa mjini tangu enzi za mababu. Binti yao ameolewa Arusha, lakini mtoto wa kwanza kwao huzaliwa kwa mama wa binti. Mwezi wa saba wa mimba walimfanyia sherehe, wakamjazia upindo wa sari mchele na nazi, ndipo akaja kwao.

Huyu alijifungua kwa operesheni. Tumbo siligusi, na mkaja simfungi mpaka daktari wake aseme. Namkanda mabega na miguu tu. Mama yake alishangaa siku ya kwanza, sasa amezoea.

Leo ni siku ya sita na nyumba ina shughuli. Usiku, karibu na kitanda cha mtoto, wataweka karatasi nyeupe na kalamu, kwa sababu usiku wa sita Vidhata, mungu wao wa majaaliwa, huja kumwandikia mtoto yatakayompata. Nikauliza kama asubuhi huwa wanakuta kitu kimeandikwa. Mama akacheka, akasema karatasi hubaki nyeupe vilevile, mwandiko huo si wa kusomwa na sisi.

Lililonigusa ni la jina. Kwao jina hatoi baba wala babu. Anayetoa ni dada wa baba, wanamwita foi. Foi wa mtoto huyu anaishi Leicester, Uingereza, na wamempangia kulitamka kwa simu ya video. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwaka mzima nimekuwa nikijiita shangazi wa kukodi kwa mzaha, kumbe kuna watu ambao shangazi akikosekana shughuli haiendi.

Wananipa kipande cha katlu, tamu ya mzazi yenye samli, gundi ya mti inayoliwa na tangawizi kavu inayokereketa koo. Nakifunga kwenye karatasi nile njiani.

Saa sita, Kariakoo

Hapa sikai sana, jua kali na chumba kidogo, juu ya maduka ya Mtaa wa Narung'ombe. Mzazi anauza vitambaa kwenye duka la mama mmoja wa Kichina. Mama yake mzazi amefariki, wifi zake wako Songea. Aliyempigania ni huyo bosi: kwao China mzazi hukaa ndani mwezi mzima, hashiki maji ya baridi, hapigwi na upepo, anakunywa supu za tangawizi. Basi kila siku mchana kijana wa dukani anatumwa na chupa ya supu. Mwezi ukitimia, amemwahidi mayai yaliyopakwa rangi nyekundu ya kugawia majirani.

Nikamwambia huyo bosi wako ni Mswahili mwenzetu, tofauti ni siku kumi tu. Ila feni haizimwi. Dar, mwezi wa pili, chumba cha bati: upepo tumeuruhusu.

Saa nane, Kimara

Mwendokasi umejaa, nimesimama mpaka mwisho.

Kimara kuna vita baridi. Mzazi ni mtu wa Tanga, mume Mchaga, na mama mkwe ameteremka kutoka Marangu na mikungu miwili ya ndizi kwenye buti la basi. Kwa mama mkwe, mzazi hatibiwi kwa taulo. Mzazi analishwa. Jikoni mtori unachemka tangu asubuhi, ndizi zimepondwa na nyama mpaka huoni kipi ni kipi, na kila saa mbili bakuli linaingia chumbani.

"Wewe unamminya, mimi namjaza," ananiambia. "Tutaona nani atamfikisha."

Nampenda yule bibi. Siku nyingine alinisimulia kwamba zamani kwao mzazi alikaa miezi mitatu bila kushika jembe, akilishwa na mama wa mume, na siku ya kutoka alikwenda sokoni amepambwa, akaimbiwa kama askari aliyerudi vitani. Huku Pwani mzazi wetu tunamtoa kwa dua na halua, lakini hatujawahi kumwita askari. Nimeona wivu kidogo.

Leo tumegombana kuhusu maji. Joto, mtoto analia, bibi amechukua kijiko. Nikamwomba kadi la kliniki, nikamsomea: maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Akasema watoto wake sita walikunywa maji na wote wako hai. Nikamjibu, "Ni kweli, bibi. Mama yangu naye alikuwa akikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kuimwaga, akidhani ni maziwa yaliyoharibika. Hakuna aliyekuwa amemwambia." Akakiangalia kijiko, akanywa yale maji mwenyewe.

Kadi hilohilo lina kitu ninachopenda kuwaonyesha mabibi. Mahudhurio ya mama baada ya kujifungua: ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28, siku ya 42. Arobaini na mbili! Kliniki na bibi wamepishana siku mbili tu. Wiki hizo sita ndizo mji wa mimba unazohitaji kurudi kiasi chake, na unarudi wenyewe. Kuukandamiza tumboni eti utoe damu chafu hakuuharakishi.

Sijaondoka mpaka nimemaliza bakuli. "Kula, nawe umekonda," bibi amesema, na kwake hilo ni tusi na salamu kwa pamoja.

Saa kumi na moja jioni, Tandale

Nyumba ya mwisho haina udi wala mtori. Chumba kimoja cha kupanga, binti wa miaka ishirini kutoka Shinyanga, siku ya kumi na mbili, mapacha wa kike. Mume ni wa bodaboda, anatoka alfajiri na kurudi usiku, na analipa anapopata. Wasukuma hawahangaiki na majina ya mapacha: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao Shija anamngoja.

Namuuliza kama kawaida: damu inatoka kiasi gani, ina harufu, una homa, kichwa kinauma, unaona nyota? Moja likijibiwa vibaya tunaacha taulo tunakwenda hospitali, hata kama siku kumi na mbili zimepita salama. Leo ni hapana kwa yote. Kisha namuuliza umekula nini.

"Chai, mama."

"Saa ngapi?"

Kimya. Basi sikubandika maji ya kukanda, nilibandika uji. Kile kipande cha katlu nilikuwa bado nacho, nikampa, akakitafuna akikunja uso kwa tangawizi. Ziwa la kushoto lilikuwa gumu kama embe bichi, nikaweka taulo vuguvugu, tukampakata Doto vizuri mpaka likalainika.

Nyumba zote nilizopita leo mzazi ana mtu: mama, mkwe, bosi, hata shangazi wa kwenye simu. Hapa mtu ni mimi, kwa saa moja, kwa deni.

Nilipomaliza kumfunga mkaja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huwezi kukaa kidogo nilale?"

Nikakaa. Alilala kabla sijamjibu.

Nikawaogesha wale wawili mmojammoja kwenye beseni, kitovu cha Kulwa kimeshadondoka na cha Doto kinaning'inia, sikipaki chochote, nakikausha tu. Nikawavisha, nikawalaza ubavu kwa ubavu kwenye kanga. Nilipokwenda kumwaga maji ndipo nikaona uzi mwekundu unaelea. Mama yao alikuwa amemfunga Kulwa mguuni ili asiwachanganye. Nikasema si neno, kitovu kitanionyesha. Nikafungua nguo ya wa kwanza: hakuna kitovu. Nikafungua ya wa pili: hakuna. Kilikuwa kwenye taulo.

Saa mbili usiku baba yao akaingia, kofia ngumu mkononi. Nikamwonyesha uzi. Akawainamia, akamtazama huyu, akamtazama yule, akajikuna kisogo.

"Tusimwamshe," akanong'ona.

Tukakaa wote wawili mkekani kusubiri mzazi aamke.