Uvimbe chini ya ubongo, upasuaji kupitia puani: nilivyoishi baada yake

Watu wakisikia nimepasuliwa kichwa hunitafuta kovu kwenye nywele. Halipo. Uvimbe wangu ulikuwa kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo inayotoa homoni, kwenye sakafu ya fuvu nyuma ya pua, karibu sentimita 3, na ulitolewa kupitia tundu za pua.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Kilichonipeleka hospitali ni macho: mbele naona, pembeni giza. Mteja akisimama ubavuni simwoni mpaka apige hodi. Miwani mipya haikusaidia. Daktari wa macho akaniweka kwenye mashine, nibonyeze kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Pande za nje za macho yote mawili zikatoka nyeusi, akaniandikia MRI, kipimo cha picha za ndani ya kichwa. Tezi hiyo imekaa chini ya pale neva za macho zinapopishana, hivyo uvimbe ukipanda unazibana.

Dar es Salaam walianza kwa kupima damu, hasa prolaktini, homoni inayochochea maziwa ya mama. Kumbe uvimbe unaotengeneza prolaktini mara nyingi husinyaa kwa vidonge tu. Wangu haukuwa wa aina hiyo.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa nusu kaputi. Najua bingwa wa masikio, pua na koo alifungua njia, wa ubongo akautoa uvimbe, wote wakitazama skrini ya kamera nyembamba ya milimita 4. Tundu lililobaki waliliziba kwa mafuta kidogo kutoka tumboni kwangu.

Kazi ilianza nilipoamka. Kila nilichokunywa kiliandikwa, kila mkojo ukapimwa kwenye jagi, maana tezi ikishtuka mwili humwaga maji ovyo. Usiku mmoja nilikojoa mfululizo, mkojo hauna hata rangi. Wakanipa dawa, ukatulia.

Nyumbani nilirudi na masharti: usipenge kamasi, usiiname, usibebe ndoo, usinywe kwa mrija, chafya ipige mdomo wazi. Yote ni kulinda kile kiraka kisifumuke, maji ya ubongo yakavuja. Dalili yake ni majimaji maangavu yanayodondoka puani ukiinama, au ladha ya chumvi kooni. Ukiyaona, unarudi hospitali hapo hapo.

Mama mkwe akauliza, "Sasa mwanangu, utasujudu vipi?" Niliswali kwenye kiti, kichwa nikikiinamisha kidogo tu. Kwenye udhu niliacha kupandisha maji puani. Ustadhi wetu alinihakikishia hiyo ni sunna, udhu unatimia bila yake. Pilipili niliiacha kwa sababu inachuruzisha kamasi. Papai nikalila kila siku, kwani kujikamua chooni nako kunasukuma kichwani. Vitambaa alikata mdogo wangu, mimi nimeketi naagiza. Cheo nilikizoea haraka mno.

Harufu ilipotea kwa wiki kadhaa, hata vitunguu vikiungua sijui. Daktari aliporuhusu nisafishe pua kwa maji ya chumvi, magamba yakatoka na harufu ikarudi polepole. Macho yalitangulia: pembeni kulianza kufunguka nikiwa bado wodini.

Haidrokotisoni, kidonge cha kufidia homoni ambayo mwili wangu hautoi tena ya kutosha, nameza kila asubuhi, na kuikatisha ghafla ni hatari. Kipande cha uvimbe kilichoshikana na mshipa mkubwa wa damu kiliachwa makusudi. Kinafuatiliwa kwa MRI kila mwaka. Kikianza kukua, mionzi ipo.