Nilivyoanza kuandika jina la dawa

Mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati ndogo upande wa Dagoretti, hapa Nairobi, ambako watu bado wanalima sukuma wiki na spinachi kwenye vishamba vya kandokando ya mto. Kwa miaka kadhaa niliwatibu wakulima waliokuja wakitapika baada ya kupulizia dawa, kisha mwisho wa mwezi nikawajumlisha katika mstari mmoja wa fomu, ule wa sumu, pamoja na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

Jioni moja mama mmoja alimleta mumewe, ambaye alikuwa ameshameza dawa za malaria akidhani ndiyo inayomsumbua. Mate yalimchuruzika, misuli ya mashavu ilimchezacheza, na nilipommulika macho nikaona mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Shati lake, lililoloa pale pampu ilipovujia mgongoni, lilinuka kitunguu saumu. Hizo ni dalili za sumu ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, neva zikakosa kutulia. Tulimvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nikamchoma atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na kumpa rufaa ya hospitali. Nilipouliza alipulizia dawa gani, mkewe akajibu, "Daktari, tulipimiwa kwa kifuniko, ikatiwa kwenye chupa ya soda. Hata jina lake hatulijui."

Bodi ya kudhibiti viuatilifu haiwezi kuchunguza dawa isiyo na jina. Kwa hiyo nilifungua daftari la pekee: jina la dawa, namba ya usajili iliyo kwenye lebo, zao lililopuliziwa, mavazi, mahali iliponunuliwa, na T60, msimbo wa orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD-10) unaotenga viuatilifu na sumu nyingine. Jamaa nawaomba walete chupa yenyewe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya waseme, maana wengi walihofia sukuma yao ingekataliwa sokoni, na ilinibidi niwaonyeshe ukurasa wenyewe waone kwamba siandiki shamba la mtu.

Duka lile lile lilipojirudia mara ya tatu, nilimpelekea daftari afisa wa afya ya umma wa wadi, tukaenda naye, akaziondoa chupa za soda kwenye rafu.

Mzee yule alipona. Wiki chache baadaye alirudi na chupa mpya, lakiri yake haijakatwa, akaniomba nimsomee siku za kusubiri kabla ya kuvuna.