Call off, call out, call in: kwa mliofika Ohio juzi

Wale mlioanza kazi za nyumba za wazee huku Ohio, kuna kitu kimoja kishikeni mapema, "call off". Shuleni tulifundishwa ni kufuta jambo, mechi ime-call off-iwa kwa sababu ya mvua, na maana hiyo ipo kweli. Ila kazini ukisikia mwenzako "called off" ujue kapiga simu kwamba leo haji, anaumwa au mtoto hana wa kumwachia.

Sasa kuna upande wa pili na huo ndo unauma mfukoni, hospitalini wagonjwa wakiwa wachache wao ndo wanakupigia alfajiri, umeshavaa yunifomu, wanakwambia usije, na sehemu nyingi saa hizo hazilipwi labda utumie siku zako za likizo. Hapo unasema "I got called off", sio "I called off", maana hiyo ya pili inahesabika kwamba wewe ndo hukuja na kazi nyingi wanakuwekea pointi za utoro. Ka-got hako kadogo jamani kashikeni.

Ukihamia New York utasikia "call out" kwa maana hiyohiyo ya kutokuja, ingawa "she called me out" ni kanisema mbele za watu. Kwingine wanasema "call in sick", lakini bosi akiku-call in anakutaka uje siku yako ya mapumziko, kinyume kabisa!

Kinachoniuma ni ndugu zetu wanaoenda kazini na homa, kwa wazee wenye vifua dhaifu, kwa sababu tu wanaogopa kuongea Kiingereza kwenye simu. Sentensi ni fupi: "I'm calling off my shift today, I'm sick", basi, huna haja ya kusimulia ugonjwa toka mwanzo. Piga namba waliyokupa, usimtumie meseji mwenzako akufikishie, na andika saa na jina la aliyepokea. Usipopiga kabisa ni "no call, no show", na hiyo inafukuzisha watu haraka sana.

Na ukiwa na ugonjwa mzito ulizia FMLA, sheria ya Marekani ya 1993 ya likizo ya ugonjwa na familia, inakupa hadi wiki 12 za likizo bila malipo na kazi yako inalindwa, ila uwe umemaliza miezi 12 na saa 1,250 za kazi kwa mwajiri mwenye watu 50 kwenda juu. Hata ukiwa nayo, simu bado unapiga, na unataja FMLA hapohapo.