Farasi mzee akianza kukonda, anzia mdomoni

Farasi wengi wazee wanaofugwa Nairobi na pembezoni mwake, Karen, Lang'ata na hata Kitengela, ni wastaafu wa mbio za Ngong Road: warefu, wembamba kwa asili, na wenye tumbo la wasiwasi. Akivuka miaka 20, mgongo hubonyea, mbavu hujitokeza, nyonga hubaki mifupa. Mwenye farasi humwambia saisi (mtunza farasi) aongeze gorogoro la mahindi, au pumba za ngano, na hapo ndipo mambo huharibika. Mara nyingi farasi huyo hajapungukiwa na chakula horini. Nyasi anazo tele, ila hawezi tena kuzisaga, na nafaka haiwezi kuziba pengo la nyasi.

Jino la farasi huchomoza milimita 2 hadi 3 kila mwaka, huku likilika kwa kasi hiyohiyo. Akiba iliyo ndani ya taya ina mwisho. Kwenye miaka ya 20 na kitu magego mengine hubaki vishina laini na mengine hung'oka, na gego lililokosa mwenzake wa kusagana naye hurefuka na kuziba njia. Ncha kali huota upande wa nje kwa magego ya juu na upande wa ndani kwa ya chini, zikakata shavu na ulimi. Farasi wa namna hii hula polepole, huinamisha kichwa upande mmoja, na huacha chini ya hori madonge ya nyasi zilizosokotwa, marefu kama kidole, yaliyolowa mate. Ukiona donge moja tu kama hilo, usisubiri la pili.

Kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu kitu. Chukua kinyesi kibichi kiasi cha kiganja, kiweke kwenye kichungi cha jikoni kilichozeeka, ukioshe kwa maji ya mfereji mpaka maji yatoke safi. Tandaza kilichobaki juu ya kipande cha mbao. Farasi mwenye meno mazuri huacha vipande vifupi vifupi. Ukikuta mabua marefu, ya sentimita 2 au zaidi, au punje za mahindi na shayiri zikiwa nzima, basi chakula chako kinapita tu. Mwite daktari wa mifugo mwenye vifaa vya meno, yaani chuma cha kufungulia kinywa, taa na tupa ndefu, na amkague kila miezi 6. Mwambie asiyapige tupa magego yote mpaka yawe tambarare: kwa farasi mzee hakuna jino la akiba litakalopanda kufidia kilichoondolewa. Inatosha kuondoa ncha na kung'oa lililolegea.

Kabla ya kubadilisha chakula, jua uzito. Zungusha kamba isiyonyumbuka kifuani, nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele, kisha upime kamba hiyo. Utepe wa fundi cherehani huishia sentimita 150 na hautatosha. Pima tena urefu, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa 160 ana kilo 436 hivi. Pima kila baada ya wiki 2, saa ileile, kabla hajala, na mpimaji awe yuleyule.

Pamoja na hesabu hiyo, tumia mkono. Kipimo cha hali ya mwili alichotoa Don Henneke wa Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983 kina alama 1 (mifupa mitupu) hadi 9 (mnene kupita kiasi), na kwa farasi mzee lenga 5 au 6. Papasa mbavu, nyuma ya bega, kiuno, na shina la mkia. Mbavu zisionekane kwa macho lakini zihisike ukizigusa. Usidanganywe na tumbo kubwa. Tumbo la nyasi ngumu huning'inia hata kwa farasi aliyebaki mifupa mgongoni. Wala usidanganywe na manyoya marefu ya Julai. Mkono hauongopi.

Sasa nyasi. Farasi anahitaji kila siku asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, chakula kikavu, sehemu kubwa iwe nyasi au kitu cha jamii hiyo. Huyu wa kilo 436 ni kilo 6.5 hadi 8.7 za chakula kikavu. Anayetakiwa kunenepa unaweza kumfikisha asilimia 2.5. Nyasi za Boma Rhodes kutoka Bonde la Ufa ndiyo tegemeo letu, lakini marobota hayafanani. Nyasi zilizokatwa baada ya mbegu kukomaa ni mabua matupu: zinajaza tumbo la ng'ombe, zinamshinda farasi mzee. Fungua robota moja kabla ya kulipa gari zima. Finya konzi ya nyasi. Zikikuchoma kiganja, mdomo wake pia zitauchoma. Tafuta majani mengi, rangi ya kijani, harufu tamu, bila vumbi jeupe. Nunua na uweke akiba mara baada ya mvua za masika, kwa sababu ifikapo Februari utalipa zaidi kwa nyasi mbaya zaidi.

Asiyeweza kusaga vizuri, mkatie. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inafaa, ila ipange ikate vipande vya sentimita 3 hadi 5. Vikiwa vifupi mno, farasi humeza bila kutafuna, navyo hukwama tumboni. Loweka nyasi hizo nusu saa. Changanya na lusini (alfalfa) iliyokatwa, hadi theluthi moja ya nyasi zote: ina protini ya asilimia 15 hadi 18, ni laini, na ina kalsiamu nyingi ambayo tutaihitaji hapa chini. Kama figo zake zina shida, usiongeze lusini bila kumwuliza daktari.

Asiyeweza kabisa kusaga, achana na habari ya nyasi ndefu na umpikie uji. Si kupika kwa moto, ni kuloweka. Kwa farasi wetu wa kilo 436, kwa siku nzima: kilo 6 za kyubu za farasi, yaani chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa vipande vidogo, zenye nyuzi nyingi (soma gunia: nyuzi ghafi zisipungue asilimia 15, protini iwe 12 hadi 14), kilo 1.5 za lusini iliyosagwa, gramu 300 za mashudu ya soya yaliyopitishwa kwenye moto, gramu 30 hadi 40 za chumvi, na madini ya farasi kwa kipimo cha kwenye pakiti. Soya mbichi isitumike, kwa kuwa inazuia mwili kumeng'enya protini. Gawanya mara 5. Kila mlo ni kilo 1.5 hivi kavu na lita 4 za maji ya uvuguvugu, uloweke saa 1. Kisha ingiza mkono mpaka chini ya ndoo na ufinye. Ukisikia chembe hata moja ngumu katikati ya uji, ongeza maji na usubiri. Kyubu iliyolowa nje na kukauka ndani ndiyo hukwama kwenye umio.

Dalili za kukwama ni kunyoosha shingo, kukohoa, na mate yenye chakula kutoka puani. Likitokea, ondoa chakula na maji, muache ainamishe kichwa, na upige simu kwa daktari. Usimmiminie mafuta wala maji mdomoni, yataingia mapafuni.

Milo 5 huonekana mingi, lakini ratiba inawezekana: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na nusu jioni, na saa 3 usiku. Wa usiku saisi anauloweka kabla ya kuondoka na askari anaumimina horini. Kwenye joto la Januari na Februari uji uliolala ndooni unachacha. Osha ndoo kila mlo, usiongezee mpya juu ya wa zamani.

Na jamani, pimeni kwa mizani. Gorogoro la mahindi ni kilo 2. Gorogoro hilohilo la pumba za ngano halifiki hata kilo 1. Mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mizigo, inatosha kabisa. Pima mara moja, kisha chora alama kwa kalamu kwenye ndoo ili yeyote atakayelisha asikisie.

Nikirudi kwenye pumba. Wengi huzipenda kwa sababu farasi huzilamba mpaka mwisho, lakini pumba za ngano zina fosforasi karibu mara 9 ya kalsiamu. Farasi anahitaji kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, na ni bora izidi. Ikipungua, mwili huichota kwenye mifupa: uso huvimba, farasi huchechemea mguu huu leo na ule kesho, na meno hulegea taya lake likidhoofika. Hapa Nairobi hatari hiyo ina mwenzake: nyasi za kikuyu, zilezile za bustani zetu, zina oksalati inayofunga kalsiamu isifyonzwe. Farasi anayechunga kikuyu mchana na kulishwa pumba jioni anaibiwa mifupa mara mbili. Rhodes haina shida hiyo. Kama ni lazima utumie pumba, usizidishe nusu kilo kwa siku, na kwa kila kilo 1 weka gramu 30 za chokaa ya mifugo, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya chakula, kamwe si ya kujengea. Nusu kilo basi ni gramu 15.

Majani yaliyofyekwa kwa mashine ya bustani usiyakubali hata jirani akiyaleta kwa moyo mweupe. Yanachacha haraka, yanamezwa kwa madonge, na ndani yake huweza kuwa na matawi ya oleanda au lantana. Oleanda kidogo tu inaua.

Mahindi nayo yana wanga mwingi ambao utumbo mwembamba hauwezi kuumeng'enya wote. Unaobaki huchachia nyuma, kwenye utumbo mpana, ukaleta msokoto wa tumbo au uvimbe wa kwato. Yaliyoota ukungu ni mabaya zaidi, kwa sababu sumu yake huharibu ubongo wa farasi na hakuna dawa ya kuurudisha. Kunusa hakutoshi, sumu hubaki hata ukungu ukifutika. Chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa kaa nacho mbali: baadhi hutiwa monensini, dawa ya kuchanganywa na chakula, ambayo kuku huistahimili na ambayo huharibu moyo wa farasi kwa kiasi kidogo sana. Kabla ya kununua kyubu, uliza kama kiwanda hutumia mashine moja kwa wanyama wote. Wakisitasita kujibu, tafuta kwingine.

Ukitaka kuongeza nguvu bila wanga, tumia mafuta ya kupikia ya maji, ya soya, mahindi au alizeti. Anza na mililita 50 kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku 4, uishie 250. Kiasi hicho kina nguvu ya zaidi ya nusu kilo ya mahindi. Ongeza vitamini E, maana mafuta mengi huitumia. Kinyesi kikilainika au kung'aa, rudi nyuma hatua moja. Badiliko lolote la chakula lichukue siku 10 hadi 14.

Mzee ale peke yake. Akichanganywa na vijana atafukuzwa kwenye hori na utalaumu chakula bure. Kuanzia Juni hadi Agosti, manyunyu na upepo wa Karen na Limuru humla nguvu usiku. Mpe nyasi zaidi, kwa sababu kuchacha kwake tumboni ndiko kunakompasha joto, na blanketi isiyopenya maji kama anatetemeka. Maji yawe ya uvuguvugu. Akipunguza kunywa kwa sababu ya baridi, tumbo hukauka.

Kuna kukonda ambako hakuponi kwa chakula. Ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, na homa, fikiria ugonjwa wa kupe, ambao upo sana kwetu. Peleka kinyesi maabara, Kabete kwa mfano, kihesabiwe mayai ya minyoo, badala ya kununua dawa kila mwezi kwa kukisia. Na yule mwenye manyoya marefu yasiyopukutika hata Januari, anayekunywa na kukojoa sana, misuli ya mgongo ikiisha huku akiwa na mafuta shingoni, apimwe homoni ya ACTH, huenda ana ugonjwa wa Cushing. Huyo molasi ni mwiko, hata kijiko cha kulainishia dawa, na nyasi zake zilowekwe saa 1 kisha maji yamwagwe ili sukari ipungue. Dawa yake, pagolaidi, hutolewa kila siku kwa maisha yake yote.

Kupanda alama 1 ya Henneke ni kama kilo 16 hadi 20, kwa hiyo hata ukifanya yote sawasawa kamba ya kifua itachukua mwezi mzima kuonyesha tofauti ya kweli. Wiki 6 zikipita bila sentimita hata moja kuongezeka, usiongeze mafuta wala soya. Atolewe damu ya kupimwa, ini na figo viangaliwe kwanza.