Mawe 15 ya Ryoan-ji
Asubuhi ya manyunyu nilivua viatu mlangoni mwa Ryoan-ji, hekalu la Kibudha la madhehebu ya Zen lililoanzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1450 na kiongozi wa kijeshi Hosokawa Katsumoto, nikaketi ukingoni mwa baraza la mbao. Mbele yangu ulitanda uwanja wa changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kwa reki, wenye mawe 15 yaliyopangwa kwa namna ambayo, popote uketipo barazani, angalau moja hujificha nyuma ya jingine. Nilihesabu, nikapata 14. Nikasogea hatua chache, nikapata 14 tena. Hata hivyo, kilichonishika zaidi, nakiri, ni ukuta wa udongo ulio nyuma ya uwanja huo, ambao mafuta yaliyochanganywa ndani yamejipenyeza nje taratibu na kuuachia madoa ya hudhurungi.