Naruhusiwa kuchora?

Juzi usiku kijana wangu alinitumia ujumbe kutoka chuoni: "Mama, leo wametupima. Mimi ni wa kuona. Kumbe ndiyo maana yule wa uchumi simwelewi, anaongea tu." Sijamjibu. Niliinuka nikaenda kwenye rafu, nikakitafuta kile kitabu changu cha takwimu kilichobanduka jalada, maana najua ukurasa upi umebana kadi ya njano.

Mwaka wa kadi zile nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wahadhiri, kichwa kimefura. Tulikuwa tumefunzwa VARK, hojaji ya maswali 16 ya kumpima mtu mtindo wake wa kujifunza, iliyotokana na kazi ya Neil Fleming na Colleen Mills ya mwaka 1992: kuna wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Mwezeshaji alituambia kwamba anayefeli ni yule anayefundishwa kwa mtindo usio wake. Niliyapokea maneno yale kama mwenye kiu. Kila kundi la mwaka wa pili lilikuwa linakwama palepale, kwenye uwezekano wenye masharti, yaani uwezekano wa jambo ukishajua kwamba jingine limetokea, na mimi nilikuwa nimechoka kujiuliza kama tatizo ni wao au ni mimi. Sasa nilikuwa na wa tatu wa kumsingizia.

Nikagawa hojaji, nikagawa kadi. Kijani kuona, njano kusikia, nyeupe kusoma, nyekundu kutenda. Waliopata alama zinazokaribiana kwenye mitindo miwili au mitatu, na walikuwa wengi, niliwasukumia kwenye kundi lenye nafasi. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini mtu akishapenda!

Kila kundi likapewa nusu saa yake. Wa kijani nikawaonyesha michoro bila maneno mengi. Wa nyeupe nikawapa kurasa tatu. Wa nyekundu wakahesabu maharage. Wa njano nikawaambia waweke kalamu chini, kisha nikazima projekta na kuufuta ubao ukabaki mweupe pe. Nilijiona nafanya jambo la kisayansi.

Nikaanza kusema. Ugonjwa fulani unampata mtu 1 kati ya 100. Kipimo chake kinawabaini asilimia 90 ya wagonjwa, lakini pia kinawasingizia asilimia 10 ya wazima. Umepimwa, umeambiwa unao. Je, uwezekano kwamba unao kweli ni kiasi gani? Wakajibu kwa pamoja: asilimia 90. Nikasema hapana. Nikaeleza polepole. Nikaeleza tena, nikipandisha sauti mahali pa muhimu na kuishusha mahali pengine, kama msoma taarifa ya habari. Nyuso zilikuwa zile ambazo kila mwalimu anazijua: zimekuelekea wewe, lakini mwenyewe hayupo.

Safu ya pili kulikuwa na binti mmoja mkimya. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinatembea juu ya meza. Kinakwenda, kinakata kona, kinarudi. Nilidhani anachezacheza. Nikamtazama kidogo nikaona kidole kinarudia njia ileile: kinachora mraba, kinaukata pembe. Nikanyamaza, na nadhani ukimya ndio uliomfumbua macho. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Naruhusiwa kuchora? Au hiyo ni ya wale wa kijani?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa ananikejeli ningejua la kumjibu. Alikuwa anaomba ruhusa kwelikweli, kadi yake ya njano ameishika kwa vidole viwili kama tiketi anayohofia kunyang'anywa.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka aliigeuza kadi, akachora mraba nyuma yake na kuanza kusema huku anaandika, wenzake wakimwinamia. Tuchukue watu 1,000. Wagonjwa 10, hawa hapa pembeni, kipimo kinawakamata 9. Wazima 990, kinawasingizia 99. Jumla ya walioambiwa wanao ni 108, na wanao kweli ni 9. Akainua uso: "Kumbe ni mmoja katika kila 12!" Kijana wa nyuma akasema, "Si ungesema watu tangu mwanzo, Mwalimu, badala ya asilimia?"

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Wa kijani walirudi kulalamika kwamba michoro ilikuwa mizuri ila hakuna aliyewaambia inasema nini. Wiki iliyofuata nilirudia somo kwa wote pamoja: mraba, watu 1,000, mdomo wangu, na karatasi ya mazoezi. Kadi sikuzitoa tena.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma tathmini ya mwanasaikolojia Pashler na wenzake ya mwaka 2008, kuhusu tafiti za mitindo ya kujifunza. Wanasema ukitaka kuthibitisha nadharia hii, wagawe wanafunzi kwa mitindo yao, kisha kila mtindo uugawe kwa bahati nasibu kwenye njia tofauti za kufundishia, wote wafanye mtihani mmoja, ndipo uone kama njia inayomfaa huyu inamwangusha yule. Tafiti zilizofuata utaratibu huo walizikuta chache mno, na kadhaa kati ya hizo ziliipinga nadharia moja kwa moja. Nikacheka peke yangu. Mimi, mwalimu wa takwimu, nilimpa kila mtu njia "yake" bila kumweka hata mmoja upande wa pili. Hata wangefaulu wote, nisingejua kwa nini. Na hojaji yenyewe ilikuwa imewauliza wanapenda nini, si wanaelewa vipi.

Basi ningemjibu kijana wangu hivyo, yaishe. Lakini kuna mmoja wa kadi nyekundu nilikutana naye akiwa tayari ni baba wa watoto. Uwezekano wenye masharti ameusahau wote, alikiri bila aibu. Anachokumbuka ni hojaji. "Mwalimu, tangu niingie chuo, ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza ninasomaje." Na ukweli ni kwamba bila upuuzi ule wa rangi nisingekaa usiku kucha nikiandaa somo moja kwa njia nne.

Kadi ninayo hapa mezani. Mbele imeandikwa KUSIKIA kwa mwandiko wangu. Nyuma kuna mraba na vidoti kumi pembeni, wino umefifia. Nimeipiga picha pande zote mbili nimtumie, kisha nikasita, maana yule wa uchumi huenda kweli anaongea tu.