Namna Nilivyoipata Ngozi Kavu ya Nguruwe kwa Kikaangio cha Hewa

Kila anayemiliki kikaangio cha hewa (air fryer) amewahi kuambiwa kwamba nyama ya tumbo la nguruwe ndiyo rahisi kuliko zote: chukua kipande, kipake chumvi na mafuta, kitie kwenye kikapu, washa nyuzi 200, kisha urudi baada ya dakika 40 ukute ngozi imevimba na inavunjika kwa mlio. Ushauri huo umeharibu nyama nyingi, yangu ikiwamo. Nimeamua kuandika ninavyoipika sasa kwa sababu kila ninapompa mtu aonje, swali linalofuata ni lile lile, na jibu langu limekuwa refu mno kutolewa mtu akiwa anatafuna.

Niliufuata ushauri ule kwa utii kamili, pamoja na nyongeza zake zote. Mshauri wangu, ambaye katika mambo mengine ni mtu wa kuaminika, alisisitiza kwamba ngozi ichanjwe miraba kwa kisu kikali, tena michanjo iende chini mpaka ifike kwenye nyama ili viungo vikolee. Kwamba kipande chote, ngozi ikiwamo, kilazwe kwenye mchuzi wa soya, kitunguu saumu na asali. Na kwamba kabla ya kuingia kwenye mashine ngozi ipakwe mafuta mpaka ing'ae. Dakika za mwanzo zilitia moyo, kwa maana jikoni palinukia vizuri. Kisha asali ikaanza kuungua. Mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye nyama yaliangukia chini ya droo ambayo ilikwisha kupata moto, yakatoa moshi, na feni, ambayo kazi yake ni kuzungusha hewa, ikauzungusha moshi huo kwa bidii ile ile. Nilipovuta droo nilikuta kipande kimejikunja, katikati kimeinuka na pembe zimeshuka, kwa sababu nyama ilikuwa imesinyaa kwa moto wa ghafla. Kingo za miraba zilikuwa zimesimama wima, nyeusi tititi, ilhali mabonde yaliyo baina yake yalikuwa ya manjano yaliyopauka, yametota kwa majimaji yaliyopanda kutoka kwenye nyama kupitia michanjo, na yalikuwa magumu kiasi kwamba kisu kiliteleza juu yake. Mgeni aliyekuwapo mezani alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu sana, akichangia mazungumzo kwa kutikisa kichwa tu, hadi alipopata nafasi ya kukitoa mdomoni kwa adabu.

Nilipomweleza mshauri wangu yaliyotokea, alisema moto haukutosha. Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza, kwa sababu ngozi iliyoungua na kubaki mbichi kwa wakati mmoja haiwezi kuwa imepungukiwa na moto. Ilikuwa imezidiwa na maji.

Ngozi ya nguruwe kwa sehemu kubwa ni maji na kolajeni, ile protini inayoifanya iwe ngumu. Maji yanapochemka hayapandi joto zaidi ya nyuzi 100 au karibu na hapo mpaka yaishe kugeuka mvuke, kwa hiyo sehemu yoyote ya ngozi ambayo bado imelowa itakwama kwenye joto hilo hata kama mashine imewekwa nyuzi 200. Wakati huohuo sehemu iliyo kavu pembeni yake inaungua. Kolajeni nayo haifai kuvamiwa: inahitaji kwanza joto la taratibu, ikiwa bado ina unyevu wake, ili ilainike na kugeuka jelatini. Ikishalainika na kupoteza sehemu kubwa ya maji, ndipo moto mkali unapokuwa na kazi ya kufanya, kwa kuwa maji machache yaliyosalia hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke huo unaisukuma ngozi ikavimba malengelenge madogo madogo, na malengelenge hayo yanakauka yakiwa bado yamevimba. Nikishaelewa hilo, kila nilichokuwa nimefundishwa kilianza kuonekana kama kimepangwa makusudi ili kiniharibie.

Siku hizi nachagua kipande cha takriban kilo moja, chenye unene unaolingana pande zote na ngozi isiyo na mikunjo. Kiingie kwenye kikapu bila kugusa kuta, kwani hewa isipopita kandokando utakuwa na sanduku la moto tu. Pima pia nafasi ya juu. Katika mashine nyingi koili ya moto iko juu kabisa ya kikapu, na kipande kinene kikikaribia koili hiyo, ngozi itaungua kabla haijavimba. Ikiwa haibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi, kata kipande kiwe chembamba kwa kupunguza nyama ya chini, na usiguse ngozi.

Sichanji tena. Natoboa. Nilijaribu uma, ambao hupinda kabla haujafanikiwa, kisha nikachukua vijiti vya chuma vya mishikaki vyenye ncha kali, nikavifunga pamoja kwa mpira wa kufungia, na sasa nadunga ngozi yote mpaka haina sehemu ya ukubwa wa ukucha isiyo na tundu. Tundu liishie kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake mara moja. Likifika kwenye nyama, majimaji yatapanda kupitia hapo na kuacha doa laini lisilokauka kamwe. Viungo vyote, yaani kitunguu saumu, pilipili manga, tangawizi na vinginevyo unavyopenda, vinapakwa upande wa nyama peke yake, na ukichanja upande huo hakuna ubaya wowote. Kitu chenye sukari kisikaribie ngozi.

Baada ya hapo nafuta ngozi kwa karatasi ya jikoni, naisugua chumvi kidogo, na kukiacha kipande kwenye jokofu, ngozi ikiwa juu na bila kufunikwa na chochote, usiku kucha au zaidi ya hapo nikiwa na subira. Hewa ya jokofu ni kavu, na inafanya kazi ambayo hakuna kiasi cha mafuta ya kupikia kinachoweza kuifanya. Asubuhi ngozi huwa imebadilika rangi kidogo, imekakamaa, na ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti. Matone ya maji yaliyovutwa na chumvi nayafuta tena. Wapo wanaoanza kwa kuimwagia ngozi maji ya moto au kuichemsha, na sina ugomvi nao, kwa sababu kuchemsha huilainisha kolajeni vizuri sana. Nina ugomvi na wale wanaoitoa kwenye maji na kuitia kwenye mashine papo hapo.

Sasa nifike kwenye mbinu ambayo ninajivunia bila aibu. Nachukua karatasi ya foili, naikunja mara mbili ili iwe imara, na kuizungushia nyama pande nne na chini, nikizikaza kuta zake ziibane nyama na kusimama juu kidogo ya usawa wa ngozi. Ngozi yenyewe inabaki wazi. Kuta hizo zinaikinga nyama ya pembeni isikauke wakati ngozi ikipigwa moto, na mafuta yanayotoka yanabaki ndani ya foili badala ya kudondoka kwenye droo na kufuka moshi. Juu ya ngozi namimina chumvi ya mawe, yenye punje kubwa, mpaka iifunike yote kwa unene wa nusu sentimita hivi. Usitumie chumvi laini, kwa maana hiyo huyeyuka na kuzama, nawe utakula chumvi yenye ladha ya nguruwe. Chumvi nene hufyonza maji yanayopanda kutoka kwenye ngozi huku joto la chini likiendelea kuilainisha, na kazi zote mbili zinafanyika chini ya kifuniko kimoja.

Foili hiyo lazima ishikwe na uzito wa nyama. Kipande cha foili kilicholegea kinaweza kupeperushwa na feni na kunasa kwenye koili, na karatasi ya kuokea ikiachwa bila uzito juu yake ni hatari zaidi kwa sababu inaweza kushika moto.

Naiwasha mashine kwa nyuzi 140 na kuiacha kwa dakika 50 hivi. Kuna wanaoweka maji kidogo kwenye droo ili kuzuia moshi, na maelekezo ya baadhi ya mashine yanaruhusu. Wakati huu wa joto la chini sina neno nayo. Kwenye awamu ya pili maji hayo ni lazima yamwagwe, kwani huwezi kuhangaika usiku kucha kuikausha ngozi kisha ukaipikia mvuke chini yake.

Chumvi ikishagandamana inatoka kwa mabamba. Naiondoa yote, napangusa punje zilizobaki kwa brashi kavu, na hapo naangalia jambo ambalo washauri wote walilisahau: je, ngozi iko sawasawa? Karibu kila mara upande mmoja huwa umeinama, kwa sababu mafuta na mnofu havisinyai kwa kiwango kimoja. Sehemu iliyo juu itapata moto zaidi na kuungua, iliyo chini itabaki laini. Basi natengeneza vibonge vya foili vya ukubwa mbalimbali na kuvisukumiza chini ya pembe zilizolala, nikiinama kutazama kwa jicho moja kama fundi seremala, mpaka ngozi ilale usawa mmoja. Kwa kipande chenye tabia ya kujikunja, napitisha vijiti viwili vya mishikaki ndani ya nyama kwa umbo la msalaba kabla ya kuanza kupika, na hapo hakina ujanja.

Mafuta ya kupikia yanaingia sasa, na ni tone moja au mawili yaliyosambazwa kwa kidole, yawe utando tu. Kisha nyuzi 200. Dakika tano za mwanzo hakuna la kuona. Baadaye inaanza kusikika mitatariko, na ukivuta droo utakuta vilengelenge vya kwanza vimetokea pembeni, vya rangi ya dhahabu, vikielekea katikati. Kwa kawaida inachukua dakika 20 hadi 25, lakini mashine hutofautiana sana, kwa hiyo kuanzia dakika ya kumi nachungulia mara kwa mara. Mahali palipotangulia kuiva napafunika kwa kipande kidogo cha foili nilichokikandamiza kwa nguvu kishikamane na kuta za foili ya pembeni. Pakiungua kidogo licha ya hayo, usihuzunike: subiri papoe, kisha pakwangue kwa makali ya kisu, weusi utatoka na chini yake utakuta ngozi nzuri.

Wenye kipimajoto watapenda kujua kwamba kwa kipande kizima cha nguruwe, nyuzi 63 za ndani zikifuatiwa na mapumziko ya dakika tatu hutosha kiusalama. Nyama ya tumbo ikiishia hapo, hata hivyo, itakuwa salama na itakusumbua meno, kwa sababu ina tishu nyingi za kolajeni baina ya tabaka za mafuta. Mimi huiacha ipite nyuzi 85, na haijawahi kukauka, kwani mafuta yake yanailinda.

Ikitoka, iache ipumzike dakika 10 au 15 bila kuifunika. Nimeona watu wakifunika nyama hii kwa foili ili isipoe, na nikatamani kuwapokonya, maana mvuke ulionaswa chini ya kifuniko unaifanya ngozi iwe laini tena kwa muda mfupi kuliko ule wa kutandika meza. Katika kuikata, ipindue ngozi ilale ubaoni, pitisha kisu kwenye nyama kwa utulivu, kisha ukifika kwenye ngozi kandamiza mgongo wa kisu kwa kiganja, kwa pigo moja. Ukikata kuanzia juu, ngozi itapasuka vipande visivyo na mpango na kuiminya nyama pembeni. Mchuzi, kama upo, umiminwe kwenye sahani kwanza, nyama iwekwe juu yake.

Ikibaki, iwekwe kwenye jokofu na isiguswe na maikrowevu. Siku inayofuata irudishe kwenye kikaangio kwa nyuzi 180, ngozi ikiwa juu, kwa dakika tano au zaidi kidogo kulingana na unene wa vipande, na ngozi itarudi kuvunjika. Mafuta yaliyobaki ndani ya foili nayachuja kwa kitambaa na kuyahifadhi kwenye chupa yenye mdomo mpana, kwa sababu viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayo huisha kabla ya nyama yenyewe. Hakikisha tu kwamba hayakuchanganyika na ile chumvi.